Kijiji kimeungua kwa mmoja, kwa mwenzake bado kizima

Swali: Habari za kazi. Tuko watatu, tunatengeneza gemu ndogo ya RPG (ya kuigiza mhusika) ya mtandaoni, wachezaji kama 200 kwa kila seva. Kuna misheni ambayo mchezaji anaamua kijiji kichomwe au kilindwe. Aliyekichoma akiingia kundi moja na aliyekilinda, kila mtu anaona kijiji chake. Zawadi nayo mara nyingine inatoka mara mbili. Tukikichoma kwa wote, atakayejiunga kesho atakuta majivu. Tufanyeje?

Jibu: Salama. Zawadi ndiyo rahisi, tuimalize kwanza. Mtandao ukisuasua, programu ya mchezaji hutuma ombi tena. Seva inasoma "hajachagua" mara mbili kabla haijaandika chochote. Tengenezeni jedwali la maamuzi lenye mhusika, uamuzi, chaguo na saa, na ufunguo msingi (kitambulisho cha mstari, kisichoruhusiwa kujirudia) uwe mhusika na uamuzi kwa pamoja. Kuandika uamuzi na kutoa zawadi viwe ndani ya muamala mmoja, yaani hatua zinazofanikiwa zote au kufutwa zote. Ombi la pili litagonga ufunguo, muamala wote utafutwa, zawadi haitoki. Chaguo liwe namba (0 hajachagua, yaani jedwalini bado hana mstari, 1 amelinda, 2 amechoma), si ndiyo au hapana, maana asiyechagua si sawa na aliyekataa.

Kijiji sasa. Ugonjwa huo uliwapata hata watengenezaji wa gemu ya World of Warcraft, walipoanza mwaka 2008 kumwonyesha kila mchezaji eneo kulingana na misheni alizomaliza: marafiki wa kundi moja walisimama mahali pamoja bila kuonana. Kinachokosekana kwenu ni kuamua kila kitu kinamfuata nani. Mimi ningegawa hivi: majengo na maadui vifuate uamuzi wa kiongozi wa kundi; maneno ya wanakijiji, bei na misheni vifuate uamuzi wa kila mhusika. Basi mchomaji akiingia na kiongozi aliyelinda, ataona nyumba zote zimesimama, lakini mfua vyuma atamuuzia upanga kwa bei ya juu asilimia 30 na hatampa kazi. Mwenzake aliye ubavuni analipa bei ya kawaida. Gemu ya Star Wars: The Old Republic (2011) ilitumia wazo la jamaa hiyo kwenye mazungumzo ya kundi: kila mtu anachagua jibu, bahati nasibu inaamua la nani litasemwa, ila alama za wema au ubaya unapata za jibu ulilochagua mwenyewe.

Pakieni maamuzi kwenye kumbukumbu ya seva mhusika anapoingia eneo. Mkiiuliza hifadhidata kila anapomkaribia mwanakijiji, mtaipa kazi nyingi bila sababu.

Mkitaka pia athari ya seva nzima, msiache mtu mmoja afunge mlango kwa wote. Kipeni kijiji alama kuanzia 0 hadi 1000, kianze na 500. Anayelinda anaongeza 5, anayechoma anapunguza 5. Kikishuka chini ya 300 kionekane kimeungua, na kijengwe upya kikifika 400 tu. Nafasi hiyo kati ya 300 na 400 ni ya lazima, la sivyo kijiji kitaungua na kufufuka kila dakika. Amri kwa hifadhidata iwe "punguza 5"; msisome alama, mkatoe kwenye msimbo na kuirudisha, kwa sababu wawili wakichoma kwa pamoja pigo moja litapotea. Mgeni atakuta mahema na kazi za ujenzi badala ya eneo tupu.

Jambo ambalo hamkuuliza: msifunge nguvu za kupigana kwenye uamuzi huu. Shadowlands, nyongeza ya World of Warcraft ya 2020, iliunganisha nguvu na kundi la kwenye hadithi ambalo mchezaji anajiunga nalo, na kuhama kukawa kugumu. Wengi wakachagua kwa hesabu ya nani anampiga adui kwa nguvu zaidi, hadithi ikawa pambo, na mwaka 2021 masharti yakalegezwa. Mfano mzuri ni wa 2007, Aldor na Scryers, makundi mawili hasimu ya World of Warcraft: ukijenga heshima kwa hawa, kwa wale unapoteza zaidi ya ulichopata. Kubadili upande kunawezekana, ila kwa jasho.

Kabla ya kuachia toleo jipya, jaribuni kwa akaunti mbili zenye maamuzi tofauti, kisha badilisheni kiongozi wa kundi katikati ya pambano kijijini. Seva isubiri pambano liishe ndipo ibadilishe majengo, vinginevyo mtu atajikuta ndani ya ukuta.