Kalamu ya TDS haioni vijidudu

SWALI: Nina kisima kirefu nyumbani. Muuzaji wa machujio amekuja na kalamu ya kupimia TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini): maji ya kisima yamesoma 410, ya chujio lake la RO (linalosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba) 28. Kisha akatumbukiza vyuma vya umeme kwenye glasi mbili. Ya kisima ikajaa tope la kahawia, ya chujio ikabaki vilevile. Anasema tunakunywa sumu. Anauza pia kihisi cha kufunga kwenye tenki, kinachotuma vipimo kwenye simu ili nijue kila saa kama maji ni salama. Ninunue?

JIBU: Vile vyuma ni kiini macho, na inachosha kuona bado vinazungushwa nyumba kwa nyumba. Fimbo mojawapo ni ya chuma cha kawaida. Umeme ukipita majini chuma hicho kinalika na kugeuka kutu, kwa hiyo tope lile limetoka kwenye fimbo, si kisimani. Maji ya chujio hayakubadilika kwa sababu hayana chumvi za kutosha kupitisha umeme. Mwambie arudie, ila safari hii utie chumvi ya mezani kidogo kwenye glasi yake "safi", kisha umwangalie usoni.

Kalamu yenyewe si utapeli. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, inazidisha kwa 0.5 au 0.7 kutegemea kiwanda, na kukupa makadirio ya miligramu za chumvi kwa lita. Ndiyo maana kalamu mbili nzima zinaweza kupishana sana katika glasi ileile. Kwenye kisima, sehemu kubwa ya hiyo 410 kwa kawaida ni kalsiamu, magnesiamu na bikaboneti, jamii ya vitu vinavyoacha ukoko kwenye birika. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha TDS. Linasema tu kwamba chini ya takriban 600 ladha huwa nzuri, na ikipita 1,000 maji huanza kuwa magumu kunyweka.

Kinachonikera zaidi ni upande wa pili wa imani hii: kwamba namba ndogo maana yake usalama. Mililita moja ya maji taka ikiingia kwenye lita moja ya maji yako, kalamu haitashtuka, ilhali kila mililita 100 zinaweza kuwa na maelfu ya E. coli, bakteria wa kinyesi. Kiwango kinachokubalika ni sifuri. Aseniki, ambayo ni sumu, ikiwa mara tano ya kikomo chake ni miligramu 0.05 tu kwa lita, na kalamu inahesabu miligramu nzimanzima. Floridi huanza kutia wasiwasi ikipita 1.5, nayo inapotelea ndani ya 410 bila kujulikana. Tena klorini na taa ya UV huua vijidudu bila kuishusha TDS, kwa hiyo ukiifuata kalamu utadhani havifanyi kazi.

Kabla ya kununua chochote, peleka sampuli maabara wapime E. coli, nitrati, floridi, aseniki, chuma na manganizi. Kwa bakteria tumia chupa iliyotakaswa na maabara yenyewe. Kama maji yametiwa klorini, chupa iwe na sodiamu thayosalfeti, la sivyo klorini itaendelea kuua njiani na utaletewa majibu mazuri ya uongo. Acha bomba litiririke dakika mbili au tatu, usiguse mdomo wa chupa, iweke kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Chukua sampuli moja kisimani na nyingine tenkini. Mara nyingi kisima ni kizima, tenki ndilo chafu.

Ikionekana E. coli, ziba inakoingilia, kisha tia klorini hadi ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, maji yasiwe na tope na pH (kipimo cha uasidi) iwe chini ya 8. Ikiwa ni floridi, hapo RO ina maana. Aseniki ni ngumu zaidi: chini ya ardhi mara nyingi huwa katika umbo lisilo na chaji, linalopenya utando kirahisi, hivyo hugeuzwa kwanza kwa klorini, kisha klorini huondolewa kwa mkaa kabla haijaharibu utando. Kumbuka pia kwamba RO nyingi za nyumbani humwaga lita tatu au zaidi kupata moja.

Kuhusu kihisi: hakuna cha bei ya kawaida kinachohesabu E. coli. Bakteria huoteshwa maabara kwa takriban siku nzima ndipo wahesabiwe. Kihisi kinafaa kuonyesha mabadiliko. Chumvi ikipanda mwezi hadi mwezi kwenye kisima cha pwani, huenda pampu inavuta maji ya bahari. Kina cha maji kikishuka mwaka hadi mwaka, unavuta kuliko kisima kinavyojazwa. Cha kina kiwe na waya wenye kijitundu cha hewa, kwa sababu badiliko la hektopaskali 10 la shinikizo la hewa litasomeka kama sentimita 10 za maji. Cha chumvi kisahihishwe kwa myeyusho maalumu unaopitisha umeme kwa mikrosiemensi 1,413 kwa sentimita. Cha pH kwa myeyusho wa 4 na wa 7, na ncha yake isikauke kamwe. Kioo cha kihisi cha tope hushika utelezi na kuyasingizia maji safi. Visiposafishwa, grafu kwenye simu itaendelea kupendeza huku ikidanganya.

Kwa kisima chako ningefunga kihisi cha kina na cha chumvi tu, na fedha iliyobaki ilipie kipimo cha E. coli kila baada ya mvua kubwa.