Re: Gari la taka halibebi tena majani na makombo, mnapeleka wapi?

Mkuu pole, hata huku kwetu Mbeya tumeambiwa hivyohivyo, tenganisha, majani na makombo yasichanganywe na plastiki, na gari lenyewe siku hizi mara moja kwa wiki. Nilikasirika sana mwanzoni maana hela ya taka tunalipa ileile.

Ila usichome, tafadhali, ule moshi majirani wenye watoto wadogo wanaumia. Tengeneza mboji. Chagua kona yenye kivuli, rundo la kama mita 1 kwa 1, unaanza na mabua ya mahindi au majani makavu halafu maganda ya viazi, ndizi, majani mabichi, kisha makavu tena, makavu yawe mengi kuliko mabichi, na kila ukimwaga makombo funika na udongo kidogo la sivyo nzi na panya watahamia kwako. Liwe na unyevu kama kitambaa ulichokikamua, geuza kila baada ya wiki 2 hivi. Baridi yetu ya Juni na Julai inachelewesha, kwangu ilichukua miezi 4, lakini ile mbolea niliweka kwenye sukuma wiki, aisee, ilistawi mpaka raha!

Nyama na mafuta usiweke, yananuka. Na kama jirani ana nguruwe anataka makombo, mwambie ayachemshe vizuri kwanza, homa ya nguruwe inapita humohumo na haina tiba.