Kwa vijana mnaoanza kuandika daftari la ukoo

Jumamosi iliyopita, katika kikao cha ukoo hapa Dodoma, nilimwona kijana wetu mmoja akimwekea babu simu karibu na mdomo na kumwuliza swali la kwanza: "Babu, ulizaliwa mwaka gani?" Babu aliitazama ile simu, akaigeuza fimbo yake mara mbili mkononi, akajibu kwamba alizaliwa zamani, na mazungumzo yakaishia hapo. Huyo ni kijana wa tatu mwaka huu. Nimelitunza daftari letu kwa zaidi ya miaka ishirini na nawapenda ninyi mnaotaka kulirithi, ndiyo maana siwezi kunyamaza ninapowaona mkirudia makosa ambayo mimi nilikwisha kuyalipia.

1. Msiulize mwaka, ulizeni tukio. Wazee wetu wengi huhesabu umri kwa mambo yaliyowapata: njaa fulani, Waingereza walipofyeka mapori ya Kongwa ili kulima karanga kati ya mwaka 1947 na 1951, au kaya zilipohamishiwa vijiji vya ujamaa katika Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkishalipata tukio, mwaka mtautafuta wenyewe nyumbani.

Mimi nilifanya kinyume, na lazima niwaeleze yaliyonipata. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema siku zote kwamba alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa iliyowapiga Wagogo mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka michache iliyofuata, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mwaka mmoja kabla ya kuketi naye, nilikuwa nimeruhusiwa kusoma kitabu cha ubatizo katika kanisa moja la zamani, nikaliona jina lake na mwaka 1932, nikaunakili kwa furaha kubwa. Jioni moja, wajukuu wakiwa wamejaa uani na yeye akichambua mlenda kwenye ungo, akaanza kusimulia jinsi mama yake alivyotembea akiwa na mimba yake, na jinsi kaka yake alivyoachwa kwa watu waliokuwa na chakula ili familia ipewe uwele. Hapo nikamkatiza. Nikamwambia mbele ya wote kwamba hilo haliwezekani, kwa sababu kitabu kinaonyesha alizaliwa mwaka 1932, miaka mingi baada ya Mtunya. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Akasema taratibu, "Basi karatasi ikusimulie," kisha akaendelea kuchambua.

Mwaka ule ulikuwa wa ubatizo. Alibatizwa akiwa msichana mkubwa. Ningefungua ukurasa wa pili wa daftari langu mwenyewe ningeona kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1943, nami nikajiuliza kama msichana wa miaka kumi na mmoja angeweza kuwa mama. Nililigundua kosa baada ya miezi, nikaenda kumwomba radhi, naye akanisamehe na kunipa chai. Lakini bibi huyu aliyekuwa akiniita mume wangu, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, tangu jioni ile aliniita kwa jina langu la shule, na habari za kaka yake hakuzigusa tena hadi alipofariki. Sijui kaka huyo aliitwa nani, wala aliachwa kwa nani. Huenda ana wajukuu wanaoishi mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, wakitajwa katika daftari la ukoo mwingine.

2. Mkipewa kitabu cha ubatizo, someni kwanza vichwa vya safu, kisha linganisheni kila mwaka na umri wa watoto.

3. Neno "baba" peke yake halitoshi kuchora tawi. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na mzee hatajisumbua kuwatenganisha kwa sababu kwake hawatengani. Ulizeni kwa adabu nani walitoka tumbo moja. Vivyo hivyo jina la babu hurudi kwa mjukuu, kwa hiyo watu wawili wenye jina moja wasije wakawa mtu mmoja katika mti wenu, na mtu mmoja mwenye jina la kikwetu na jina la ubatizo asije akawa wawili. Jina likiwatatiza, ulizeni mwiko wa ukoo wake.

4. Msitafute makaburi kijijini. Kijiji mnachokiita cha asili mara nyingi ni mahali watu walipopelekwa wakati wa Operesheni. Wazee walizikwa kwenye mahame, na mahame hayo yanajulikana na wachunga ng'ombe kuliko na ofisi ya kata. Nilipelekwa kwenye moja na mtoto wa miaka kumi na miwili, akanionyesha mbuyu na tuta la udongo lililobaki la ukuta wa tembe, na pale pale shangazi yangu, aliyekuwa amenyamaza njia nzima, akataja majina manne ambayo hatukuwa nayo. Nendeni na mzee anayeweza kutembea.

5. Vyeti vya zamani, hasa vya waliokuwa Keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza (King's African Rifles), vipigeni picha hapo hapo juu ya mkeka wa mwenyewe. Msiviazime.

Babu wa Jumamosi bado yupo, na masikio yake ni mazima. Kijana aliyemwuliza mwaka arudi kwake kabla ya mvua za kwanza, wakati watu bado hawajaingia mashambani, aombe ruhusa kabla ya kuwasha simu, kisha amwulize habari za yale matrekta ya Kongwa ambayo babu huyataja kila anapokunywa chai. Amwulize nani alimbeba mgongoni siku alipoyaona, kisha akae kimya.