Maji yakipanda ngamani katikati ya Atlantiki

Umeuliza uanzie wapi ukikuta maji yamefika kwenye mbao za sakafu ya mashua yenu ya tanga, mkiwa na watoto, kati ya Visiwa vya Canary na Karibiani. Washa pampu, kisha yaonje. Yakiwa matamu, tangi lenu limepasuka; hamzami, ila pimeni maji ya kunywa yaliyobaki. Yakiwa ya chumvi, zima injini: mpira unaoleta maji ya bahari ya kuipoza ukichomoka, injini yenyewe ndiyo inayojaza chombo. Halafu funga koki zote za matundu yaliyo chini ya maji, ukianza na ya choo (ndiyo mkosaji wa mara nyingi).

Bado yanapanda? Mulika shetrini, shafti ya rafadha inapotokea nje. Yakimwagika hapo, kaza nati mbili zinazobana kizibo cha shafti kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Ukizidisha, shafti inapata moto.

Tundu la sentimita 5, nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika, na pampu ndogo ya umeme haifui hata nusu yake. Kwa hiyo kila koki ifungiwe kwa kamba kizibo cha mti laini cha saizi yake. Tundu likiwa ubavuni, bisheni (geuzeni chombo, upepo uje upande wa pili) ili ubavu huo uinuke. Watoto wavae maboya tangu mwanzo.