Maswali ya Wauguzi: Baada ya Dawa Kuingia Mwilini

SWALI: Mshauri, salamu. Mimi ni muuguzi niliyeanza kazi hivi karibuni katika wodi ya wanaume. Usiku mmoja nilimpa mgonjwa seftriaksoni, ambayo ni antibiotiki, kupitia kanula (mrija mdogo unaoingia mshipani), baada ya kuhakiki mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilipokwisha nikahamia kitanda cha pili, kisha cha tatu. Niliporudi nilimkuta amevimba midomo, anajikuna kifua, na sauti haimtoki vizuri. Wenzangu walimwokoa, lakini tangu siku hiyo najiuliza: ikiwa mambo yote matano niliyahakiki, nilikosea wapi?
— Muuguzi wa zamu ya usiku

JIBU: Ndugu muuguzi, mambo yale matano yanahakikisha kwamba dawa iliyokusudiwa imemfikia mtu aliyekusudiwa. Hayakuambii mwili wake utaipokeaje. Kazi uliyoiacha katikati ni ya kumwangalia mgonjwa baada ya dawa, na kwa dawa ya mshipani kazi hiyo huanza hata kabla hujachomoa bomba la sindano, kwa sababu mzio mkali (aleji, yaani mwili kuipinga dawa) huweza kujitokeza ndani ya dakika chache tu.

Tuanze na swali la mzio, ambalo nadhani uliliuliza, kwa vile kila mtu huliuliza. Tatizo ni namna tunavyoliuliza. Ukimwambia mgonjwa, “Una mzio wa dawa yoyote?”, wengi watajibu “hapana” kwa kuwa neno lenyewe hawalitumii. Muulize badala yake, “Umewahi kumeza dawa au kuchomwa sindano ukavimba, ukatoka vipele, au ukashindwa kupumua?” Akitaja penisilini, mwarifu daktari kabla hujaendelea, kwa kuwa penisilini na seftriaksoni ni dawa zenye undugu, ingawa si kila anayedhurika na ya kwanza hudhurika na ya pili. Wala usitulie kwa sababu alipewa dawa hiyohiyo jana bila shida: mwili huweza kuitambua dawa kama adui katika dozi za mwanzo, kisha ukaishambulia katika dozi inayofuata.

Dawa isukumwe taratibu, kwa dakika kadhaa, huku macho yako yakiwa usoni pa mgonjwa na si kwenye bomba peke yake. Zungumza naye. Mgonjwa anayeanza kukohoa bila sababu, anayejikuna viganja, anayesema koo linabana au anayehisi tu kwamba kuna jambo baya linamjia, amekwisha kukupa taarifa. Ikifika hapo, simamisha dawa papo hapo, acha kanula mahali pake, ita msaada, mlaze na umwinulie miguu. Kama anapumua kwa shida mwache akae, ila usimsimamishe. Dawa ya kwanza ni adrenalini: kwa mtu mzima ni miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ampuli (kichupa cha dawa) yenye miligramu 1 katika mililita 1, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje, na irudiwe baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Nimeona mara nyingi mno watu wakikimbilia haidrokotisoni na dawa za kuzuia muwasho huku adrenalini ikibaki kwenye trei. Hizo huja baadaye. Haziwezi kushika nafasi yake. Kwa hiyo kabla hujaanza mzunguko wa dawa, hakikisha unajua adrenalini ilipo.

Mzio hata hivyo ni dhara moja tu, na kila dawa ina mahali pake pa kuangaliwa. Mgonjwa aliyepewa mofini akilala usingizi mzito, usifurahi kwamba maumivu yamekwisha. Mwamshe, kwa maana usingizi usioamshika kirahisi mara nyingi hutangulia kupungua kwa pumzi. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Aliyepewa magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba hupimwa mambo matatu kabla ya kila dozi inayofuata: goti liruke linapogongwa, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa; moja likikosekana dozi husubiri, na kalsiamu glukoneti, inayotengua magnesiamu ikizidi, huwa karibu. Jentamaisini, antibiotiki nyingine, huumiza figo na masikio polepole, kwa hiyo kipimo chake ni mkojo, kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja), na lile swali dogo la kama anasikia mlio masikioni au kizunguzungu.

Mwisho wa yote andika. Andika jina la dawa, saa na kile ulichokiona kwa macho, mbele ya jalada ambapo yeyote atakayelifungua atakutana nacho. Kisha mfundishe mgonjwa wako jina la dawa iliyomdhuru, mpaka aweze kulitamka mwenyewe, maana jalada linaweza lisimfuate atakakotibiwa kesho.

SWALI: Mshauri, tuna desturi ya kuhakikiana dozi wawili wawili, lakini makosa ya nukta bado yanatokea. Tufanyeje?
— Msimamizi wa wodi

JIBU: Uhakiki wa kuonyeshana jibu hausaidii sana, kwa sababu mtu akikwisha kuona “1.5” ataona 1.5. Mwenzako apewe agizo na ampuli, afanye hesabu yake kando, ndipo mlinganishe. Mfano, agizo ni miligramu 60 na ampuli ina miligramu 80 katika mililita 2: 60 gawanya kwa 80, mara 2, ni mililita 1.5. Katika maandishi, nusu iandikwe 0.5, kamwe isiwe .5, na tano iandikwe 5, isiwe 5.0, kwa sababu nukta iliyofifia huifanya hamsini. Na yeyote anayejikuta anavunja ampuli ya tatu kwa dozi moja ya mgonjwa mmoja aweke bomba chini, arudi kwenye agizo, na asione haya kumpigia simu aliyeliandika, hata kama ni saa tisa usiku.