Re: Kuosha mtutu wa gobore kwa maji, si kutaleta kutu?

Mkuu, umeuliza kama kuosha mtutu kwa maji si kujitafutia kutu. Hapana. Mbaya wako ni yale masizi yanayobaki ndani. Baruti nyeusi ni shura (chumvi ya nitrati ya potasiamu), mkaa na salfa; ikishaungua huacha chumvi za potasiamu, nazo hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta hayaziyeyushi, yanazifunika tu huku kutu ikila chini kwa chini. Maji ndiyo dawa yake.

Kwanza hakikisha bunduki haina risasi wala baruti. Kama mtutu unachomoka, tumbukiza upande wa nyuma kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha sukuma na kuvuta ufito wenye kitambaa: maji yatapanda na kushuka kupitia tundu la moto, yaani kitundu cha nyuma kinachopitisha moto wa kuwasha baruti. Yatatoka meusi tii, yananuka yai viza. Badilisha maji, rudia mpaka kitambaa kitoke safi.

Maji ya kuchemka mimi siyapendi. Wanaoyasifia wanasema chuma kikipata moto kinajikausha chenyewe, na ni kweli, ila hapohapo unaweza kuona utando wa kutu wa rangi ya chungwa. Kausha kwa vitambaa mpaka visitoke na unyevu, hata kwenye tundu, ndipo upake mafuta mepesi. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na ukahawia, safisha na upake tena. Siku ya kufyatua, futa hayo mafuta kabla ya kushindilia, la sivyo yatalowesha baruti.