Mavyaa asema nimpe maziwa ya mbuzi

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Mwanangu ana miezi 11. Mwezi uliopita nilimpa uji wa maziwa ya ng'ombe, na haukupita muda akatoka vipele mwili mzima na midomo ikafura. Daktari akasema ni mzio wa maziwa. Mavyaa asema nimpe ya mbuzi, kwani wanawe wote wamelelewa nayo. Nimpe? Na kunyonyesha niache?
Mama wa Siyu

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Ya mbuzi usimpe. Najua uzito wa kumwambia mavyaa neno kama hilo, lakini protini za maziwa ya mbuzi zafanana mno na za ng'ombe, na mwili wa mtoto mwenye mzio hauzitofautishi. Wengi wanaodhuriwa na ya ng'ombe hudhuriwa na ya mbuzi vilevile. Kuyachemsha sana hakuyafanyi salama. Mwambie kwa upole kwamba hakukosea kuwalea wanawe hivyo. Wao hawakuwa na mzio.

Kunyonyesha usiache. Ikiwa mtoto hapati neno baada ya wewe kunywa chai ya maziwa, usijinyime. Ukiona vipele mwilini mwake au damu katika choo, mwone daktari kabla hujajikatia chakula, maana nawe wahitaji kalsiamu.

Tui la nazi lipikie samaki na mchicha wake, lakini lisishike nafasi ya maziwa: lina mafuta mengi, protini na kalsiamu kidogo. Mpe samaki aliyechambuliwa miiba, kunde na mbaazi zilizopondwa. Yako maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa. Ni ghali, na daktari ndiye wa kusema kama anayahitaji.

Hatari kubwa naiona kwa wanaompenda. Mwanangu alikuwa na mzio huu huu. Siku ya Idi, hapa mtaani kwetu Langoni, jirani alimtia kijiko kimoja tu cha tambi za maziwa. Sijavuka kizingiti, midomo imeshafura na sauti imekauka. Jirani alilia kunishinda. Baada ya hapo nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia: huyu asilishwe kitu bila kuniuliza, hata kipande cha hamri. Mahamri ya tui hayana neno, lakini siku hizi wengine hukandia maziwa ya unga. Samli, siagi, biskuti na mkate wa duka pia uvichunguze. Kwenye pakiti tafuta maneno milk, whey na casein; yote ni maziwa hayo. Na kijiko kilichokoroga chai ya maziwa kisirudi kwenye uji wake.

Watoto wengi mzio huu huwaacha wakikua. Wangu ulimwacha akiwa na miaka 4, na alijaribiwa mbele ya daktari. Usimjaribishe nyumbani.

Akianza kuhema kwa shida, kukoroma kifuani, kutapika mfululizo au kulegea, usimpe dawa ya kienyeji wala usingoje apate nafuu. Ni wa kukimbizwa hospitali apigwe sindano ya adrenalini. Wewe uko Siyu, kisiwani Pate, na maji yakipwa boti haifiki gatini. Kwa hivyo leo hii zungumza na mwenye pikipiki atakayekupeleka hospitali ya Faza hata usiku wa manane, na nambari yake iandike ukutani, mavyaa aione.